Stempu ya N.F. na Deni la Mjerumani

Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Brigedia Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na kabla mwezi haujaisha boma la Tukuyu, ambalo Wajerumani waliliita Neu Langenburg, lilikuwa mikononi mwa Waingereza. Jeshi hilo lilikuja na bunduki, na wapagazi wa tengatenga waliobeba kila kitu vichwani. Lilikuja pia na posta yake. Askari akiwa vitani anataka kuandika nyumbani, na barua haisafiri bila utaratibu. Kwa hiyo, Agosti mwaka huohuo, mpigachapa wa serikali kule Zomba alichukua stempu za kawaida za Nyasaland zenye sura ya Mfalme George wa Tano, akazichapa juu yake herufi mbili nyeusi: N.F. Zilikuwa za thamani tano: nusu peni, peni moja, peni tatu, peni nne na shilingi moja. Ziliruhusiwa zitumiwe na jeshi hilo ndani ya ardhi iliyokuwa ya Mjerumani, kuanzia upande huu wa Ziwa Nyasa.

Ndiyo maana katika katalogi kubwa za stempu duniani, anayetafuta kurasa za Tanganyika hukutana na vita vya Nyanda za Juu Kusini mapema kabisa, kabla hata ya yule twiga wa stempu za mwaka 1922. Kata ya Bulyaga, pamoja na mji wote wa Tukuyu, imo ndani ya historia hiyo. Hapa, swali la stempu za vita zina thamani gani linawahusu watu waliorithi masanduku ya babu zao, wenye haki ya kujua kilichomo.

Kilichomo ni nini hasa? Mara nyingi ni mchanganyiko. Kitambulisho cha zamani, risiti ya kodi ya kichwa, barua mbili tatu zenye stempu, noti ya ajabu yenye maandishi ya Kijerumani, pengine cheti kilichopigwa mihuri mingi kisichosomeka. Halafu anatokea mtu wa mjini anayedai kujua wanunuzi. Mikoa mingi ya Tanzania inazifahamu hadithi za rupia za Mjerumani na mali iliyofukiwa chini ya miti na mawe, na biashara ya hadithi hizo imewanufaisha zaidi wasimulizi kuliko wachimbaji. Anayetaka kupona mbele ya wasimulizi hao inampasa kwanza azitenganishe karatasi zake katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni stempu. Stempu ni huduma iliyokwisha kulipiwa, na nyingi zimekwisha kutumika. Hakuna anayedaiwa chochote kwa sababu ya stempu ya 1916. Kwa hiyo swali lake ni moja: nani anaitaka leo, na kwa nini? Fungu la pili ni hati fungani, noti za dharura, vyeti vya mishahara na vitabu vya akiba. Hizo ni ahadi. Ahadi huulizwa swali jingine kabisa: aliyeahidi yupo? Akiwapo, sheria bado inamfunga? Ni pale tu majibu yanapokuwa hapana ndipo hati inapohamia fungu la kwanza na kuuzwa kama kumbukumbu. Wengi wanaoghafilika huchanganya maswali haya mawili. Wanadhani stempu ya shilingi 1 inastahili shilingi 1 na riba ya miaka mia, au kwamba cheti cha marki 1,000 kina marki 1,000 ndani yake.

N.F. inafundisha mengi kuhusu fungu la kwanza, hivyo inafaa kukaa nayo kidogo. Ndogo zake mbili, nusu peni na peni moja, ziliuzwa kwa wingi na wakusanyaji wa wakati ule waliziwahi. Leo katalogi zinaziandikia pauni chache tu. Ile ya shilingi 1, nyeusi kwenye karatasi ya kijani, hupanda hadi makumi ya pauni. Mpaka hapo hakuna wa kujenga nyumba. Lakini Stanley Gibbons, katalogi ya London inayotegemewa kwa makoloni ya Uingereza, inaitaja peni moja yenye herufi N.F. zilizochapwa mara mbili, na kueleza kwamba ziko sita tu: mstari wa chini wa karatasi moja iliyouzwa katika posta ya jeshi ya Mbamba Bay mwaka 1918. Stempu ileile, rangi ileile, mfalme yuleyule. Kosa la mpigachapa limeitoa kwenye bei ya chakula cha mchana na kuipeleka kwenye maelfu ya pauni.

Wengi huishia kwenye hadithi ya namna hiyo, wakarudi nyumbani kutafuta makosa kwa kioo cha kukuzia. Makosa ni nadra, na anayeyatafuta huyaona hata pasipokuwapo. Kinachopatikana kwa kweli ni muhuri.

Mfano mzuri ni stempu za India zilizochapwa I.E.F., yaani za Kikosi cha Kihindi cha Nje. Sehemu ya kikosi hicho ilishuka Tanga Novemba 1914 na kushindwa vibaya. Stempu zilezile zilitumika Ufaransa, Mesopotamia na Afrika Mashariki. Ikiwa haina muhuri, au ina muhuri wa posta ya jeshi iliyokuwa Ufaransa, I.E.F. ni kitu cha kawaida sana. Ikiwa kwenye bahasha, na muhuri wake unasomeka wazi kwamba ni wa posta ya jeshi katika ardhi ya Mjerumani, wanunuzi wanaanza kushindana. Kinachonunuliwa ni ushahidi wa mahali na siku. Kanuni hiyohiyo inazihusu stempu za Kijerumani zenye picha ya jahazi la kifalme Hohenzollern na maneno Deutsch-Ostafrika. Nyingi zinaonekana adimu kwa sababu ya umri, lakini Berlin iliendelea kuwauzia wakusanyaji hata vita vilipokuwa vimeikata koloni na bahari. Stempu safi kabisa, isiyo na doa, inaweza kuwa haijawahi kuiona Afrika. Yenye muhuri mchafu wa Neu Langenburg, iliyobaki kwenye bahasha yake, ni mali nyingine.

Hapa ndipo wajanja huingia. Stempu safi ya bei rahisi pamoja na muhuri wa kughushi hutoa stempu ghali, na kazi hiyo imefanywa Ulaya kwa zaidi ya miaka mia. Ujerumani ina chama cha wakaguzi wa stempu, kinachojulikana kwa kifupi BPP, na London kuna kamati ya wataalamu ya Royal Philatelic Society, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1869. Kazi yao ni kusema hii ni halali na hii si halali, kwa cheti na kwa ada. Ada hiyo mara nyingi inaishinda bei ya stempu yenyewe, kwa hiyo si kila karatasi inastahili kupelekwa.

Kisiwa cha Mafia ndicho mwalimu mkali zaidi wa somo hili. Waingereza walikiteka Januari 1915, wakati vita vya bara vilikuwa havijakwenda popote. Afisa aliyekisimamia alizikuta stempu za Kijerumani, akazigonga kwa mkono muhuri wa neno MAFIA. Zilipokwisha, zikagongwa mihuri hata stempu za Kijerumani za kodi na takwimu za forodha ambazo hazikuwa za barua. Baadaye zikaja za I.E.F. zilizoongezewa maneno ya Mafia. Idadi zilikuwa ndogo mno, bei zikapanda, na uongo ukafuata bei. Muhuri wa mkono ni rahisi kuuiga kuliko uchapaji wa mtambo: unahitaji mpira, wembe na subira. Mtu akiambiwa kwamba stempu ya Mafia imepatikana sokoni kwa bei ya kutupa, salama yake ni kutoamini.

Nyingine iliyozaliwa na vita ni ile inayoitwa toleo la Wuga. Waingereza walipoizingira pwani, Wajerumani waliishiwa stempu. Mtambo wa misheni ya Kiinjili kule Vuga, Usambara, ambao baadaye ulikuja kujulikana kwa vitabu vya Kiswahili, ulichapa stempu za hela 2½, hela 7½ na rupia 1. Hazikuingia kazini. Wakati wa kurudi nyuma zilifukiwa karibu na Morogoro, na baada ya vita, mwaka 1921, zilifukuliwa na kupelekwa kuuzwa Berlin. Kwa mara moja, basi, hadithi ya mali ya Mjerumani iliyofukiwa ardhini ilikuwa kweli, na mali yenyewe ilikuwa karatasi zenye gundi! Kinachomfaa mrithi kukumbuka ni hiki: stempu ya Wuga yenye muhuri wa posta ni ya kutiliwa shaka kabla ya kufurahiwa.

Vita vya Pili vya Dunia havikupiganwa Rungwe, wilaya ya Tukuyu, lakini vilipita kwenye barua zake. Wamisionari na walowezi wa Kijerumani wa Nyanda za Juu Kusini waliwekwa kizuizini kuanzia 1939. Vijana wa hapa waliandikishwa King's African Rifles. Wakimbizi wa Kipolandi waliletwa kwenye makambi, yakiwamo Kidugala upande wa Njombe na Ifunda upande wa Iringa. Bahasha zao nyingi zilifunguliwa na wakaguzi wa serikali na kufungwa tena kwa utepe wa karatasi. Wenye nyumba wengi huona utepe ule kama uharibifu na kuubandua. Wasifanye hivyo. Utepe wa mkaguzi, nambari yake, na muhuri wa posta ya jeshi ya Afrika Mashariki ndivyo vinavyoifanya barua ya kawaida ya 1943 iwe barua ya vita.

Stempu zenyewe za kipindi hicho zina kichekesho chake. Usiku wa 29 Desemba 1940 ndege za Ujerumani ziliichoma London, na kiwanda cha De La Rue, kilichokuwa kikichapa stempu na fedha za makoloni mengi, kikateketea. Meli nazo zilizamishwa baharini. Posta ya Kenya, Uganda na Tanganyika ikakopa stempu za Afrika Kusini, zikachapwa juu yake majina ya nchi zetu na bei mpya: senti 5, 10, 20 na 70. Zilitoka kati ya 1941 na 1942. Sasa, stempu za Afrika Kusini zilichapwa kwa zamu, moja kwa Kiingereza na inayofuata kwa Kiafrikana. Kwa hiyo mkusanyaji hutaka jozi, mbili zilizoshikana, kila moja na lugha yake. Mtu mwenye jozi akizitenganisha ili apate "stempu mbili", amepunguza bei kwa mkono wake mwenyewe. Mkasi umekula fedha nyingi zaidi za urithi kuliko mchwa.

Si kila stempu ya ushindi ni tajiri. Zile za Novemba 1946, za senti 20 na 30, zilizotolewa kusherehekea kumalizika kwa vita, zilichapwa kwa wingi na zinabaki rahisi. Vivyo hivyo stempu za Uganda zilizochapwa maneno ya ukombozi wa 1979 baada ya Idi Amin kuondolewa: ni historia inayowagusa Watanzania wengi waliopigana Kagera, lakini soko haliulizi nani aliumia, huuliza ngapi zimebaki.

Turudi kwenye ahadi, ambako mambo ni mazito zaidi.

Vita vilipoanza 1914, koloni la Mjerumani lilikuwa na rupia za fedha na noti zilizochapwa Ulaya. Bahari ilipofungwa, fedha ikapotea mitaani kwa kuwa watu waliificha, na Deutsch-Ostafrikanische Bank ikaanza kuchapa noti za muda hapahapa nchini kuanzia Machi 1915. Karatasi ilikuwa yoyote iliyopatikana. Mwaka 1917, majeshi ya Mjerumani yakiwa yamesukumwa kusini, noti za mwisho zilichapwa porini kwa herufi ndogo za mpira. Noti hizi zilisema benki itamlipa mwenye nazo. Benki ikapoteza nchi, na nchi ikapata mfalme mwingine. Wakulima waliopokea karatasi hizo badala ya mpunga na ng'ombe ndio waliobeba hasara. Leo noti za rupia 1 za wakati ule, zilizochapwa kwa idadi kubwa, huuzwa kwa bei ya chini katika minada ya Ulaya. Tofauti za saini, herufi za mfululizo na aina ya karatasi ndizo zinazoipandisha moja juu ya nyingine, na noti za porini ni kundi la bei ya juu zaidi. Wanaozichukulia kuwa madai dhidi ya Ujerumani wanajisumbua. Ni kumbukumbu.

Dhahabu ni habari nyingine, na inatajwa hapa kwa ufupi kwa kuwa kila mtu huiulizia. Sarafu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, kwa dhahabu ya Sekenke, upande mmoja ina tembo na mlima nyuma yake. Zilitoka 16,198. Ni kweli inauzwa kwa maelfu ya dola, na ni kweli pia kwamba imeigwa kiasi kwamba sonara wa mtaani hawezi kuiamua kwa kuitazama. Vipande vya shaba nyekundu na njano vya hela 20 na hela 5 vya mwaka huohuo wa Tabora vilitoka kwa wingi mno, na uchakavu wa kawaida huviacha kwenye bei ya kawaida.

Deni lililolipwa lipo, na liko karibu na Rungwe. Mwishoni mwa Septemba 1918 Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alirudi kutoka Msumbiji, akapita Songea, Ubena na Mbozi hadi Rhodesia, na tarehe 25 Novemba, vita vikiwa vimeisha Ulaya wiki mbili kabla, akasalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Askari wake walikuwa wanadai mishahara ya muda mrefu. Aliwaomba Waingereza wamkopeshe rupia milioni moja na nusu awalipe, wakakataa. Akabaki kuwaandikia vyeti vya kiasi wanachodai. Charles Miller, katika kitabu chake cha 1974 juu ya vita hivyo, anasimulia kwamba mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha kwa askari waliobaki hai, na afisa wa benki akafungua ofisi ya muda Mwanza. Walikuja wazee wapatao 350. Wachache sana walikuwa na vyeti vyao. Wengine walileta vipande vya sare. Afisa yule, asijue la kufanya, akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha. Kwa mujibu wa Miller, hakuna aliyeshindwa.

Kisa hiki kinapendwa kwa sababu kinachekesha, lakini cha kuangaliwa ni vile vyeti. Miaka 46 karatasi ilibaki na nguvu kwa kuwa mdaiwa, dola ya Kijerumani, alichagua kulikubali deni, na kwa kuwa mwenye jina alikuwa hai. Mjukuu mwenye cheti hicho leo hana pa kukipeleka kudai mshahara. Ana kitu ambacho makumbusho na wakusanyaji wangekigombania, kwa kuwa vilivyohifadhiwa ni vichache mno, na bei yake haitokani tena na rupia zilizoandikwa juu yake.

Hati fungani za vita za Ujerumani, ambazo baadhi ya walowezi na wamisionari waliziacha makabatini, zina mwisho ulioandikwa kisheria. Serikali ya Kaisari ilikopa kwa raia wake mara tisa kati ya 1914 na 1918, takriban marki bilioni 98. Kisha mfumuko wa bei wa 1923 ukala kila kitu: Novemba mwaka huo, marki trilioni moja za zamani zilibadilishwa na marki moja mpya. Sheria ya 1925 ikawapa wenye hati marki mpya 25 kwa kila 1,000 za zamani, na hati zisizobadilishwa zikabaki makaratasi. Mchoro wake unaweza kupendeza ukutani. Bei yake kwa kawaida ni ya kitabu cha mitumba.

Uingereza ilikwenda njia nyingine. Mkopo wake wa vita wa 1917, wa riba ya asilimia 5, ulibadilishwa mwaka 1932 ukawa wa asilimia 3½ bila tarehe ya kulipwa, na serikali ikaendelea kutoa riba kwa vizazi. Hatimaye, tarehe 9 Machi 2015, hazina ya London ililipa kilichobaki, karibu pauni bilioni 2. Kwa mkopo huo haki kwa kawaida haikuwa kwenye cheti bali kwenye daftari la majina, na anayedhani mzazi wake aliandikishwa anaanzia kwenye jina na anwani ya zamani. Marekani nayo inaendelea kuheshimu hati za akiba za aina ya E zilizouzwa kuanzia Mei 1941: zile za miaka ya vita zilikoma kuzaa riba baada ya miaka 40, lakini hazina yao bado huzilipa. Watoto wa Kitanzania wanaoishi kule, walioolewa au kuoa katika familia za wenyeji, wanaweza kukuta karatasi hizo kwenye droo za wakwe. Hati hai kama hiyo haiuzwi kwa mkusanyaji kabla ya kuulizwa hazina.

Kwa Tanganyika karatasi ya ahadi iliyoenea zaidi ni kitabu cha akiba cha posta. Benki ya akiba ya posta ilianza mwaka 1925, na ukoo wake unafika hadi Benki ya Biashara Tanzania, TCB, ya leo. Kitabu cha askari wa 1945 ni cha kupelekwa benki pamoja na cheti cha usimamizi wa mirathi, si kwa dalali wa vitu vya kale. Kiasi kilichomo kinaweza kuwa kidogo baada ya fedha kubadilika mara kadhaa, ila hilo ni jibu la benki kulitoa.

Halafu kuna noti za Mjapani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, na wengi waliorudi walibeba noti zilizoandikwa The Japanese Government, za rupia, zenye herufi ya kwanza B kwa ajili ya Burma. Nyumba nyingi za Tanzania na Kenya zinazo. Japani ilizichapa kwa wingi, Waingereza walizitangaza hazina thamani walipoirudisha Burma, na hazijawahi kulipwa. Ukiacha noti za hali bora isiyoguswa, bei yake ni ndogo hata leo.

Bei basi hujulikanaje? Katalogi ni mwanzo. Stanley Gibbons kwa upande wa Uingereza, Michel kwa Ujerumani, Scott kwa Marekani. Ila nambari iliyo ndani yake ni bei ambayo muuza stempu angeomba dukani kwa kipande kizuri kisicho na kasoro, na kwa stempu rahisi ndani yake umo ujira wa kuitafuta na kuifunga. Mwenye stempu akienda kuuza vitu vya kawaida, hupewa sehemu ndogo ya nambari hiyo. Kipimo cha kweli zaidi ni matokeo ya minada iliyokwisha fanyika, ambayo nyumba nyingi za mnada huyaonyesha bure kwenye intaneti. Bei ambayo mtu anaomba kwenye tangazo haithibitishi chochote. Anayeomba dola 5,000 kwa stempu ya senti 20 bado anayo stempu yake. Na mnada una gharama: kamisheni ya muuzaji, ada ya mnunuzi inayoshusha kile anachoweza kutoa, usafirishaji, na bima. Kwa kipande cha dola 30 gharama hizo huimaliza faida yote.

Chama cha East Africa Study Circle cha Uingereza huwakutanisha wakusanyaji wa stempu za eneo hili, na Ujerumani wapo wenzao wa stempu za makoloni. Watu hao hujua mihuri ya Tukuyu kuliko muuza stempu wa kawaida wa London. Kinachotumwa kwao kwanza ni picha ya simu iliyopigwa mchana bila flashi, mbele na nyuma, rula ikiwa kando. Anayetaka kitu halisi kitumwe kabla ya kukubaliana, au anayedai ada ya "kusajili" kabla ya kununua, anastahili kuachwa.

Tatizo kubwa la Rungwe ni hewa. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu huo huzigandisha stempu mbili uso kwa mgongo, huiotesha gundi ukungu na huacha madoa ya kahawia kwenye karatasi. Sanduku la bati chini ya kitanda, kwenye sakafu ya saruji, ndilo kaburi la stempu. Bahasha za karatasi kavu isiyo na tindikali, ndani ya kopo linalofunga, juu ya kabati mbali na jiko, zinatosha. Wakosaji wakubwa hawana nia mbaya: ni wale wanaopeleka cheti cha babu stesheneri kikalaminishwe ili "kisiharibike". Joto la mashine huyeyusha plastiki ndani ya nyuzi za karatasi, na hakuna fundi atakayeitoa bila kuua hati. Selotepu nayo huacha rangi ya njano isiyotoka. Kuosha stempu kwa maji kuitoa kwenye bahasha ni kosa jingine, maana bahasha yenye anwani, tarehe na mihuri ndiyo iliyobeba bei.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda kwanza vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, hivyo stempu ya 1916 haimo humo kwa umri tu. Lakini jalada la boma, daftari la mahakama ya wilaya au barua rasmi ya serikali ni mali ya umma inayohusu Nyaraka za Taifa, hata kama ilikutwa dukani ikifungia vitumbua.

Barua ya familia ni suala la nyumba yenyewe. Mkusanyaji hulipia zaidi bahasha iliyo na barua yake ndani, hasa iliyoandikwa Kiswahili na askari aliyekuwa Burma au na mpagazi aliyemwomba mwalimu wa misheni amwandikie, kwa kuwa zilizobaki nyingi ni za maafisa wa Kizungu. Kabla haijaondoka Bulyaga, inafaa inakiliwe neno kwa neno na kupigwa picha kila ukurasa, na majina yaliyomo yaelezwe na wazee wanaowakumbuka: huyu alikuwa mtoto wa nani, aliuziwa shamba wapi, alirudi au hakurudi. Maelezo hayo yakiandikwa kwenye karatasi na kuambatanishwa, bei mnadani hupanda, na nakala hubaki kwa ukoo.